Brahmi ya chupa: kuzalisha miche safi maabarani na kuifikisha kitaluni ikiwa hai

Brahmi (Bacopa monnieri) haina shida ya kuota. Kata kishina cha sentimita 8, kichomeke kwenye tope, na baada ya siku chache kitakuwa kimetoa mizizi kwenye kila kifundo. Ndiyo maana anayeanza kuizalisha kwa tishu kalcha, yaani kuotesha vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa zisizo na vijidudu, hudhani kazi ngumu itakuwa kuzidisha machipukizi. Sivyo. Machipukizi yatakuja yenyewe. Miche hupotea sehemu mbili: mwanzoni, wakati wa kuitakasa, na mwishoni, siku kumi za kwanza baada ya kutoka chupani. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye sehemu hizo mbili.

Nchini India, ambako mmea huu ni dawa ya Ayurveda ya tangu zamani, hasa kwa ajili ya kumbukumbu, brahmi nyingi imekuwa ikichumwa porini, mabondeni na kando ya majaruba ya mpunga. Mimea ya namna hiyo hutofautiana sana kwa kiasi cha bakosaidi, yaani viambata vinavyoifanya iwe dawa. Tena brahmi hunyonya metali nzito kama kadmiamu na risasi kutoka kwenye tope na kuzihifadhi mwilini. Maabara inakupa nafasi ya kuchagua mmea mmoja uliopimwa na kuonekana bora, kisha kuurudufu kwa maelfu bila tope na bila magonjwa, msimu wowote wa mwaka.

Hakikisha ni yenyewe

Jina brahmi linabebwa na mimea miwili. Kaskazini mwa India wengi huiita hivyo hata Centella asiatica, ambayo jani lake ni la mviringo kama figo na kingo zake zina meno. Brahmi ya hapa inatambaa, shina lake ni nene na limejaa maji, majani yamekaa mawilimawili yakitazamana, kila moja lina urefu wa sentimita 1 hadi 2.5 na umbo la kijiko kidogo kisicho na mpini. Ua ni jeupe au la zambarau iliyopauka, lenye petali 5. Jani ni chungu.

Wauzaji wa mimea ya matangi ya samaki huwa na ndugu yake pia, Bacopa caroliniana. Sugua jani: likinukia limau, rudisha. Kosa hili halionekani ndani ya chupa, na ukilifanya utazidisha mmea usio wenyewe kwa uangalifu wote.

Mmea mama, wiki 4 hadi 6

Usikate kipande bondeni na kukipeleka moja kwa moja maabarani. Shina linalokua majini lina vijia vingi vya hewa ndani yake, na humo bakteria hukaa salama, mahali ambapo klorini haifiki. Hata uoshe namna gani, wataibuka mwezi wa pili au wa tatu, kama ukungu wa maziwa kuzunguka tako la chipukizi.

Panda mmea kwenye chungu chenye mchanga wa mto uliooshwa na mboji iliyopikwa kwa mvuke. Kiweke chini ya paa linalopitisha mwanga, juu ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita 2, ili mizizi inywe kutoka chini. Majani yasiguswe na maji kabisa, si ya mvua wala ya bomba. Wiki ya kwanza kata matawi yote yaliyokuja nayo na uyatupe. Yatakayoota upya hewani yatakuwa na ngozi ngumu zaidi na vijidudu vichache. Siku 7 na tena siku 2 kabla ya kukata, nyunyiza kabendazimu (dawa ya kuua kuvu), gramu 1 kwa lita.

Siku ya kazi, kata asubuhi ncha za matawi yaliyosimama, kila moja ikiwa na vifundo 4 au 5. Tawi lililolala na kugusa udongo liache.

Midia

Midia ni chakula cha mmea ndani ya chupa. Ile ya MS, iliyotangazwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, inatosha. Ukinunua unga uliokwishachanganywa pamoja na vitamini, kipimo cha kawaida ni gramu 4.4 kwa lita, lakini soma lebo maana unga usio na vitamini au sukari una kipimo chake. Ukichanganya mwenyewe, chumvi kubwa kwa lita 1 ni hizi:

- nitreti ya amonia, mg 1650
- nitreti ya potasiamu, mg 1900
- kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, mg 440
- salfeti ya magnesiamu yenye maji saba, mg 370
- fosfeti ya potasiamu (KH₂PO₄), mg 170

Kalsiamu iwe na chupa yake peke yake. Ukiikutanisha na fosfeti au salfeti zikiwa nzito, utaona chenga nyeupe zikizama, na hizo haziyeyuki tena. Chumvi ndogondogo, chuma na vitamini huandaliwa kama maji mazito ya akiba. Chupa ya chuma ifunikwe kwa karatasi ya alumini, kwani mwanga huiharibu.

Homoni ya kuzidisha ni BAP. Pima mg 50, dondoshea mililita 1 ya hidroksidi ya sodiamu (1 N) mpaka iyeyuke yote, kisha ongeza maji yaliyokenekwa hadi mililita 50. Sasa kila mililita ina mg 1. Usianze na maji, maana unga utaelea na kipimo chako kitakuwa cha uongo.

Kwa lita 1: yeyusha chumvi na vitamini kwenye mililita 800 za maji, tia sukari gramu 30, tia BAP, fikisha lita, rekebisha pH (kipimo cha uchachu) iwe 5.8, halafu ndipo utie agari (unga wa kugandisha midia) gramu 8 na uchemshe hadi iyeyuke. Mpangilio huo ufuatwe. pH ikiwa chini sana agari haigandi, na baada ya otoklevu (chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) pH hushuka kidogo zaidi. Mimina mililita 50 kwa kila chupa ya jemu yenye kifuniko kinachostahimili moto. Lita moja inatoa chupa 20. Pika kwenye otoklevu kwa nyuzijoto 121 sentigredi, dakika 20, zihesabiwe tangu joto lilipofika 121, si tangu ulipowasha.

Kisha zikae siku 4 kabla ya kutumika. Chupa yenye doa siku ya tatu imekuokolea mmea.

Kutakasa

Maabara nyingi za India hutumia kloridi ya zebaki ya asilimia 0.1 kwa hatua hii. Inaua vizuri, lakini ni sumu kali kwa mfanyakazi, na maji yake machafu hayana mahali pa kumwagwa. Kwa brahmi haihitajiki. Dawa ya klorini ya kufulia nguo inatosha, mradi ujue nguvu yake. Ikiwa lebo inasema asilimia 3.5, changanya mililita 100 na maji mililita 600 upate asilimia 0.5. Chupa iliyofunguliwa miezi mingi au iliyokaa juani imeshapoteza nguvu, nunua mpya.

1. Ondoa majani makubwa, acha ncha na vikonyo vifupi. Weka vishina kwenye kopo lililofunikwa kwa kitambaa cha wavu, acha maji ya bomba yapite dakika 30.
2. Vitikise dakika 5 kwenye maji yenye matone machache ya sabuni laini ya maji. Suuza mpaka povu liishe.
3. Hamia kwenye kabati la hewa safi, lililowashwa dakika 20 kabla na kufutwa kwa alkoholi ya asilimia 70. Zamisha vishina kwenye alkoholi hiyohiyo kwa sekunde 30, zisizidi. Asilimia 70 hupenya kuliko 95, kwa sababu ya maji yaliyomo.
4. Hamishia kwenye klorini ya asilimia 0.5 yenye tone moja la Tween 20 (sabuni ya maabara), dakika 8, ukitikisa. Bila hilo tone viputo vya hewa hung'ang'ania kwenye makwapa ya majani, na hapo klorini haigusi.
5. Suuza mara 4 kwa maji yaliyopikwa kwenye otoklevu, dakika 3 kila mara.
6. Kata mm 2 kila upande. Utaona ncha zimekuwa nyeupe kama karatasi iliyoloana. Hiyo ni nyama iliyouawa na klorini, na ikibaki itaziba njia ya maji na chakula. Kata hadi ufikie kijani kibichi, kisha gawa vipande vya sentimita 1 hadi 1.5, kila kimoja na kifundo kimoja.

Dakika 8 ni mahali pa kuanzia tu. Shina la mmea uliokulia kivulini ni laini kuliko la juani. Kwa hiyo mara ya kwanza gawa vipande 60 katika makundi matatu, dakika 5, 8 na 12, kisha baada ya wiki mbili hesabu vilivyo safi na hai. Kundi lenye vingi vilivyo hai na safi kwa pamoja ndilo kipimo chako. Kundi lililo safi lote lakini limepauka halikusaidii kitu.

Mara ya kwanza weka kipande kimoja kwa kila chupa au neli. Ukivijaza sita pamoja, kimoja kichafu kitaua vitano.

Kibano kikitoka motoni kiache kipoe, au kiguse kwenye agari pembeni kwanza. Brahmi imejaa maji na inaungua papo hapo. Alama ya kahawia yenye umbo la ncha za kibano ni ushahidi tosha. Kopo la alkoholi la kuchovyea vifaa likae mbali na mwali. Kibano kinachowaka kikirudi koponi, una moto mezani.

Uchafu umetoka wapi?

Usitupe chupa chafu kabla hujaisoma. Uchafu ukianzia pale shina lilipokatwa na kutambaa kutoka hapo, umetoka ndani ya mmea, basi rudi kwa mmea mama. Madoa yakiwa mbali na mmea, juu ya agari tupu, yameingia kwa hewa, mkono au pumzi. Chupa zote za mpiko mmoja zikichafuka, hata zile zisizo na mmea, otoklevu haikufikia joto au ilijazwa kupita kiasi. Na zikichafuka kuanzia chupa ya tisa kwenda mbele, kibano kiligusa kitu baada ya ya nane. Ndiyo sababu kila chupa iandikwe namba kwa mfuatano wa kazi, pamoja na tarehe na namba ya mmea mama.

Chupa chafu ipikwe kwenye otoklevu ikiwa imefungwa, ndipo ifunguliwe na kuoshwa.

Kuzidisha

Weka kwenye chumba cha nyuzijoto 25, kikipanda au kushuka kwa 2, mwanga mweupe wa laksi 2500 hadi 3000, saa 16 mwanga na saa 8 giza. Kwa vifundo, BAP ya mg 0.5 hadi 1 kwa lita inatosha. Ndani ya siku 7 hadi 10 makwapa ya majani huvimba, na kufikia wiki ya nne kuna kichaka kidogo cha kugawanywa.

Jani nalo linazaa. Likate kwa upana, uliweke mgongo ukigusa midia yenye BAP mg 2 kwa lita. Baada ya wiki mbili au tatu kingo zilizokatwa huvimba na kutoa vijinundu vya kijani, vidogo kama vichwa vya pini, na kila kimoja kinaweza kuwa chipukizi. Njia hii inatoa mengi, lakini yakishaonekana yahamishie kwenye mg 0.5 yarefuke. Thidiazuroni, homoni nyingine ya kuzidisha, inafanya kazi kwa kasi zaidi, ila machipukizi hudumaa na kusongamana kama nyasi iliyolishwa na mbuzi; kwa anayehitaji miche ya kupanda, BAP ni bora. Usitumie homoni ya 2,4-D. Huleta kalasi, lile donge lisilo na umbo, na mmea unaopitia kalasi unaweza kubadilika sifa, wakati umekuja maabarani kwa ajili ya kulinda sifa.

Gawanya kila wiki 4. Chukua vipande 30 safi na uzidishaji wa mara 5: baada ya mizunguko 4 karatasi inasema 18,750. Ukipoteza kimoja katika kumi kila mzunguko, mara 5 inakuwa 4.5, na jibu ni karibu 12,300. Panga oda zako kwa hesabu ya pili. Baada ya mizunguko 8 hadi 10 anza upya kutoka kwa mmea mama.

Miche ya kioo

Aliyezoea migomba ya tishu kalcha anaogopa weusi wa midia. Kwa brahmi, cha kuogopa ni kioo, yaani majani yaliyojaa maji hadi yakapitisha nuru. Kwa kuwa ni mmea wa majini, mtu huona jani nono linalong'aa akafurahi. Lishike kwa kibano: jani lenye afya hujikunja, uso wake hauna mng'ao, na nuru haipiti. Jani la kioo huonesha mwanga upande wa pili, na ukilibana linakatika kwa mlio mdogo kama barafu nyembamba. Mche wa namna hiyo ukitoka chupani haumalizi siku mbili.

Chanzo mara nyingi ni BAP nyingi, agari laini, kifuniko kilichobana mno, au chumba kilichopanda juu ya nyuzijoto 30 umeme ulipokatika. Punguza BAP hadi mg 0.25, ongeza agari hadi gramu 9, tumia vifuniko vyenye kitundu cha kichujio, na ikibidi punguza nitreti ya amonia kwa nusu. Yaliyoanza tu kuwa kioo hurudi katika mzunguko mmoja au miwili. Yaliyokwisha kuwa kioo yatupe.

Mizizi

Hapa ni rahisi. Machipukizi ya sentimita 3 yahamishie kwenye MS nusu (chumvi zote kwa nusu ya kipimo), sukari gramu 20, IBA (homoni ya mizizi) mg 0.5 kwa lita. Mizizi hutoka ndani ya siku 10 hadi 14. Hata bila IBA itatoka, ila pole pole zaidi. Usingoje ijae chupa: mizizi mirefu hukatika wakati wa kuosha. Ya sentimita 1 hadi 2 inatosha.

Siku kumi za kufa na kupona

Mche wa chupani haujui upepo. Ngozi ya jani lake ni nyembamba, matundu ya jani hayajazoea kujifunga, na ulikuwa ukila sukari badala ya kujitengenezea chakula. Na kosa la kawaida hapa ni lilelile la kusema “huu ni mmea wa maji” na kuutumbukiza kwenye beseni. Mizizi iliyoota kwenye agari ni laini na haijajiandaa kwa tope lisilo na hewa. Itaoza. Hewa iwe na unyevu mwingi, lakini udongo uwe unapumua.

Legeza vifuniko siku 2 chumbani humohumo. Zaidi ya hapo kuvu wataifuata sukari. Toa mche kwa kibano ukiushika kwenye shina, osha agari kwenye maji ya uvuguvugu hadi kidole kisihisi utelezi wowote katikati ya mizizi. Agari iliyobaki ina sukari, na nyuzi nyeupe za kuvu utakazoziona siku ya nne zinaanzia hapo. Panda kwenye trei yenye mchanga uliooshwa na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), nusu kwa nusu, mchanganyiko uliopikwa kwa mvuke. Loanisha, acha maji ya ziada yachuruzike yote, funika kwa nailoni angavu, weka chini ya wavu wa kivuli wa asilimia 70.

Siku 3 za kwanza usifunue, nyunyiza ukungu mwembamba tu ukiona matone yamekauka ndani ya nailoni. Siku ya 4 funua robo saa asubuhi, siku ya 5 nusu saa, halafu uongeze kila siku mpaka siku ya 10 au 12 nailoni itoke kabisa. Majani ya zamani yakiwa ya manjano usishtuke. Tazama ncha: majani mawili mapya, magumu kidogo na yenye kijani kilichoiva, ndiyo dalili kwamba mche umeshika. Shina likiwa la kahawia na laini usawa wa udongo, umezidisha maji. Ng'oa mche huo pamoja na majirani zake, maana ugonjwa huo hutambaa. Kingo za majani zikiwa nyeusi na kavu, jua limeingia chini ya nailoni.

Sasa ndipo maji yaje. Kuanzia wiki ya tatu simamisha trei kwenye maji ya sentimita 1, wiki ya nne sentimita 2. Ukifuata mpango huu, kupoteza zaidi ya mche mmoja kwa kumi ni ishara kwamba kuna hatua imerukwa. Konokono wataijua trei yako kabla ya majirani, waokote usiku.

Shambani

Kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20, hekta moja inataka miche 250,000. Hakuna sababu ya kuitoa yote chupani. Tumia miche ya maabara kujaza bustani mama, mita za mraba mia chache zenye maji safi na udongo uliopimwa metali nzito, kisha jaza shamba kwa vipandikizi vya bustani hiyo. Brahmi iko tayari kukatwa baada ya siku 75 hadi 90. Kata sehemu ya juu, acha sentimita 4 hadi 5 ichipue tena. Bustani mama ibadilishwe kwa miche mipya ya chupa pale inapochoka au kuingiliwa na magugu usiyoweza kuyatenganisha.

Chumbani bakiza chupa 10 za kila mmea mama kwenye MS nusu isiyo na BAP, nyuzijoto 18 hadi 20, mwanga hafifu, na uzihamishe kila baada ya miezi 3. Lebo iandikwe kwa penseli au kalamu isiyofutwa na alkoholi.